Anayelipwa kwa Kichwa Asiachiwe Daftari

Hotuba iliyotolewa Ngome ya Lamu

Assalaam alaykum. Wazee wetu wa mji, mashekhe, kina mama na kina baba, mawakili na mahakimu mliofika, maafisa wa magereza mliotoka Hindi na Malindi, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma, ahsanteni kwa kuitika.

Wengi wenu hamhitaji kuambiwa kwamba kuta hizi zilikuwa jela tangu mwaka 1910 hadi 1984. Ilikuwa jela ya serikali, na mwenye malalamishi alijua ni mlango upi wa kubisha. Mada yetu leo ni jela ambayo funguo zake zimeshikwa na kampuni. Kenya hatuna jela ya namna hiyo. Lakini tuna magereza yaliyojaa kupita kiasi, tuna hazina isiyotosha, na tuna Sheria ya Ubia baina ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi ya mwaka 2021, inayoiruhusu serikali kuipa kampuni kazi ya kujenga na kuendesha huduma za umma. Mambo hayo matatu yakikaa pamoja, haitashangaza siku moja wazo hili likiletwa mezani, na siku hiyo litaletwa na watu wenye mahesabu mazuri yaliyopigwa chapa. Afadhali tuwe tumejua mapema tutauliza nini.

Kazi yenyewe huenda hivi. Serikali hutangaza zabuni. Kampuni inayoshinda hujenga jela, au hukabidhiwa iliyopo, kisha huajiri askari, hupika, hutibu, hufunga na kufungua milango. Malipo huwa ya aina mbili: kwa kichwa kwa siku, yaani kila mfungwa aliyelala ndani usiku ule, au kwa idadi ya nafasi zilizo tayari, ziwe na watu zisiwe na watu. Miaka huwa mingi. Sheria ya magereza ya Afrika Kusini ya mwaka 1998 inaruhusu mkataba wa hadi miaka 25, na chini yake zilifunguliwa jela mbili: Mangaung, kule Bloemfontein, mwaka 2001, ya wafungwa 2,928, na Kutama Sinthumule, mkoa wa Limpopo, mwaka 2002, ya wafungwa 3,024. Uingereza ilianza na jela ya Wolds mwaka 1992. Marekani ilitangulia wote. Kampuni ya CCA, ambayo leo inaitwa CoreCivic, iliundwa mwaka 1983.

Serikali ikimwajiri mtu alinde wafungwa, jukumu la uhai wa wafungwa wale halihami nayo ile kazi. Na jukumu hilo halitimizwi kwa kusoma taarifa alizoandika mkandarasi mwenyewe. Boriti za mikoko zikipakiwa jahazini huhesabiwa korija kwa korija, yaani ishirini ishirini, na mwenye mali huweka karani wake gatini hata nahodha awe mwaminifu namna gani. Jela nyingi za kampuni zilizoharibika ziliharibika kwa sababu serikali haikuweka karani, au ilimweka akawa anaandika anachoambiwa.

Chukueni jimbo la Idaho, Marekani. Mkataba wa jela ya namna hii hutaja kila nafasi ya ulinzi kwa kila zamu, na malipo huhesabiwa kana kwamba nafasi zote zina watu. Mwaka 2013 CCA ilikiri kwamba wafanyakazi wake katika jela ya Idaho waliandika uongo saa za kazi zipatazo 4,800 ndani ya miezi saba ya mwaka 2012. Korido hazikuwa na askari, daftari likasema wapo. Jela hiyo ilikuwa na ghasia kiasi kwamba wafungwa waliibandika jina la chuo cha wapiganaji. Kampuni ililipa jimbo dola milioni 1, na mwaka 2014 jimbo likachukua jela na kuiendesha lenyewe.

Kwa nini uongo huu hurudi kila mahali? Kwa sababu mshahara ndiyo gharama kubwa kuliko zote jelani. Chakula kina kiwango, umeme una bili, jengo limeshajengwa. Faida ikitafutwa, hutafutwa kwa askari: wapunguzwe, walipwe kidogo, wasifunzwe sana. Wanaolipwa kidogo huacha kazi. Wakiacha, nafasi hubaki wazi, na msimamizi wa zamu ambaye ameonywa kwamba nafasi wazi ni faini huchukua kalamu akaijaza. Huyo msimamizi si lazima awe mtu mbaya. Amewekwa pahala ambapo ukweli unamgharimu kazi yake.

Uongo huu hunaswa kwa kulinganisha vitabu ambavyo huandikwa na watu tofauti kwa sababu tofauti. Daftari la zamu huonyesha nani alipangwa. Daftari la funguo na redio huonyesha nani alichukua seti ipi na saa ngapi, kwa sababu bila funguo hakuna askari anayeweza kufanya kazi. Daftari la lango huonyesha nani aliingia. Orodha ya mishahara huonyesha nani alilipwa. Mkaguzi achague tarehe mwenyewe, asichaguliwe na kampuni. Aweke ndani yake usiku wa kuamkia Idi au Krismasi, na Jumapili moja, maana ndipo watu hukosekana. Atafute jina lililo kazini zaidi ya saa 16 mfululizo. Atafute jina lililosaini zamu lakini halikuchukua funguo. Na aangalie karatasi yenyewe: sahihi za wiki nzima zenye wino mmoja na mkono mmoja, kwenye ukurasa msafi usio na jasho wala doa la chai, ziliandikwa siku moja.

Sasa faini. Hapa ndipo mikataba mingi hufa ingali changa, na hesabu yake inataka subira kidogo. Tuseme askari mmoja wa zamu anagharimu shilingi 2,000, na mkataba unatoza faini ya shilingi 1,500 kwa kila zamu isiyo na mtu. Kampuni ikiacha nafasi 10 wazi kwa zamu 3 kila siku kwa siku 30, hizo ni zamu 900. Imeokoa mishahara ya shilingi 1,800,000. Ikinaswa kwa zote italipa 1,350,000, nayo itabaki na 450,000 mfukoni. Lakini hainaswi kwa zote. Mkaguzi akigundua zamu moja katika kila tano, faini ni kwa zamu 180, yaani shilingi 270,000, na kampuni imebaki na 1,530,000. Kwa hesabu hiyo kuvunja mkataba ni biashara nzuri. Ili isiwe biashara, faini ya zamu moja lazima ipite shilingi 10,000, yaani mshahara wenyewe mara tano, kwa kuwa hunaswa mara moja katika tano. Mtu akikuleteeni mkataba wenye jedwali la faini, msiulize tu faini ni kiasi gani. Ulizeni serikali inatarajia kunasa makosa mangapi katika mia, na ina wakaguzi wangapi wa kuyanasa. Na malipo ya nafasi iliyokosa mtu yakatwe kwanza, kabla ya faini; faini ni adhabu, makato ni kurudisha pesa ambayo haikufanyiwa kazi.

Namba za vurugu nazo hupotoka vivyo hivyo. Ukimlipa mtu ziada kwa kupungua mashambulio, mashambulio yataandikwa kuwa ni kuteleza bafuni. Dawa yake ni kusoma daftari la zahanati sambamba na daftari la matukio. Taya iliyovunjika, jeraha la kisu, mkono uliokingwa kichwani ukavunjika: haya kwa kawaida hayatokani na kuteleza. Na mgonjwa mzito hatatibiwa ndani. Kama jela ingekuwa upande wa Hindi, majeruhi angepelekwa Mokowe, avushwe kwa boti, afikishwe hospitali ya King Fahd hapa mjini Lamu, na huko angeandikwa na muuguzi ambaye halipwi na kampuni. Kitabu hicho cha hospitali kina thamani kuliko taarifa kumi za robo mwaka.

Mwaka 2016 Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Sheria ya Marekani alitoa ripoti baada ya kulinganisha jela 14 za shirikisho zilizoendeshwa na kampuni na 14 za serikali zinazofanana nazo. Katika aina nane za takwimu alizopima, jela za kampuni zilikuwa na matukio mengi zaidi kwa kila mfungwa katika aina sita. Simu za magendo zilizokamatwa zilikuwa mara nane. Lakini lililotugusa zaidi ni hili: katika mbili kati ya jela tatu alizotembelea, wafungwa wapya waliwekwa katika selo za kutengwa, zile za adhabu, kwa kuwa vitanda vya kawaida vilikuwa vimejaa. Hawakuwa wamekosa lolote. Na orodha ya maswali waliyotumia wasimamizi wa serikali haikutosha kuhakikisha kwamba wafungwa wanapata huduma za msingi za matibabu. Serikali ilikuwa na watu ndani ya jela hizo, wakijaza fomu, na fomu haikuuliza swali lililohitajika.

Yule karani wa serikali ndani ya jela, kwa sheria za Uingereza na Afrika Kusini, huitwa mdhibiti. Uingereza ilimweka katika sheria ya mwaka 1991: kampuni iwe na mkurugenzi, na kando yake awepo mtumishi wa serikali anayefuatilia uendeshaji na kuchunguza tuhuma dhidi ya askari wa kampuni. Ni mpango mzuri kwenye karatasi. Udhaifu wake ni wa kibinadamu. Mdhibiti ofisi yake iko ndani ya jela hiyo hiyo, anapewa chai na mkandarasi, anatumia mtandao wa mkandarasi, na mwaka wa nne amekuwa mwenyeji. Tungependa mdhibiti asikae jela moja zaidi ya miaka miwili. Awe na funguo zake mwenyewe zinazofungua kila mlango, usiku na mchana. Asiajiriwe na kampuni hiyo kwa miaka kadhaa baada ya kuondoka. Na taarifa yake iende kwa wakuu wawili, mmoja wao nje ya idara ya magereza.

Jela ya Birmingham inaonyesha nini hutokea mdhibiti akizoea. Kampuni ya ulinzi ya G4S iliichukua mwaka 2011. Desemba 2016 zikazuka ghasia zilizohusisha wafungwa zaidi ya 500. Hapo mtu angedhani macho yamefunguka. Miezi ishirini baadaye, Agosti 2018, Mkaguzi Mkuu wa Magereza, Peter Clarke, aliingia akakuta damu na matapishi sakafuni, dawa za kulevya zikitumiwa bila kificho, na maafisa waliojifungia ofisini. Wakati ukaguzi ukiendelea, magari ya wafanyakazi yalichomwa moto. Akauliza swali ambalo ndilo moyo wa mada yetu: wasimamizi wa mkataba waliokuwa pale pale walikuwa wanafanya nini? Alitumia taarifa ya dharura inayomlazimu waziri kujibu hadharani ndani ya siku 28. Serikali iliingia tarehe 20 Agosti, ikapeleka maafisa 30 wa ziada wenye uzoefu na kupunguza wafungwa 300. Jela haikurudi tena kwa kampuni, na kampuni ikalipa pauni milioni 9.9.

Angalieni kilichofanya kazi hapo. Mkaguzi hakuwa sehemu ya mkataba. Alikuwa na haki ya kuingia bila hodi, na neno lake lilikuwa na tarehe ya mwisho ya kujibiwa. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, ziitwazo Kanuni za Nelson Mandela za mwaka 2015, zinataka hivyo hivyo katika kanuni ya 83: ukaguzi wa ndani wa idara, na ukaguzi wa nje wa chombo huru.

Haki ya serikali kurudi na kuchukua jela ndiyo kifungu kizito kuliko vyote mkatabani, nacho ni bure kama serikali haina cha kuingilia. Inahitaji askari wake waliofunzwa, walio tayari kuhama kwa taarifa ya saa chache. Inahitaji michoro ya jengo na nakala za funguo zihifadhiwe nje. Inahitaji mifumo ya kamera na kumbukumbu za wafungwa iwe mali ya serikali, si programu ya kampuni ambayo nywila zake zinaondoka na mkurugenzi. Na ardhi na jengo viwe vya umma tangu siku ya kwanza. Kampuni ikimiliki jengo, siku ya kufukuzwa itauliza wafungwa mtawalaza wapi.

Mangaung inafundisha zaidi, na kisa chake kiliishia jirani kwetu. Oktoba 2013 serikali ya Afrika Kusini iliichukua jela hiyo kwa muda kutoka kwa G4S, ikisema kampuni imepoteza udhibiti. Zilikuwepo pia tuhuma za wafungwa kudungwa dawa za wagonjwa wa akili kwa nguvu. Mwaka 2014 kampuni ikarudishiwa. Tarehe 3 Mei 2022 moto uliwaka ndani ya selo, mwili ukakutwa, na umma ukaambiwa mfungwa Thabo Bester amejiua. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba mtu yule alikufa kabla ya moto. Waandishi wa GroundUp, gazeti la mtandaoni la Afrika Kusini, waliandama habari hiyo kwa miezi, na Machi 2023 ndipo idara ya magereza ikathibitisha kwamba Bester alitoroka. Aprili alikamatwa Arusha. Miongoni mwa walioshtakiwa kwa kumsaidia ni waliokuwa wafanyakazi wa kampuni.

Usiku ule funguo, kamera na madaftari vilikuwa mikononi mwa mkandarasi. Kwa hiyo picha za kamera lazima ziende moja kwa moja, saa ile ile, kwenye hifadhi ya serikali iliyo nje ya jela, na kamera ikizimika kwa dakika tano ofisi ya serikali ipate taarifa bila kusubiri kuambiwa. Mfungwa akifa, selo ifungwe na polisi na si kampuni, vidole vya maiti vilinganishwe na kumbukumbu kabla mwili haujatoka, na mamlaka huru iarifiwe mara moja, kama Kanuni ya 71 inavyosema.

Kuna vifungu viwili ambavyo tungeshauri visiingie kabisa. Kimoja ni ahadi ya kujaza jela. Utafiti wa mwaka 2013 uliopitia mikataba 62 ya Marekani ulikuta 41 yenye ahadi kwamba jela itakuwa na wafungwa kati ya asilimia 80 na 100, la sivyo serikali ilipe nafasi tupu. Arizona iliwaondoa wafungwa katika jela ya Kingman baada ya watoro watatu kuonyesha mwaka 2010 kwamba ulinzi ulikuwa mbovu, na bado ililipa kampuni dola milioni 3 kwa vitanda vilivyobaki wazi.

Kingine ni kuipa kampuni mamlaka ya nidhamu. Kwa Sheria ya Magereza ya Kenya, mfungwa wa kawaida hupata msamaha wa theluthi moja ya kifungo: aliyefungwa miaka 3 hutoka baada ya 2 akiwa na mwenendo mzuri. Msamaha huo unaweza kukatwa kwa kosa la jelani. Sasa fikirini kampuni inayolipwa kwa kichwa kwa siku ndiyo inayosikiliza shtaka la nidhamu. Siku 30 zilizokatwa ni malipo ya siku 30. Uingereza ilianza kwa kumnyima mkurugenzi wa kampuni mamlaka hayo mwaka 1991, kisha ikampa kwa sheria ya mwaka 2007. Tunaamini ilikuwa sahihi mara ya kwanza. Israeli ilikwenda mbali zaidi: Novemba 2009 Mahakama yake ya Juu ilibatilisha sheria nzima ya jela ya kampuni kabla haijaanza kazi, kwa hoja kwamba kumnyima mtu uhuru kwa nguvu hakupaswi kuwa mikononi mwa anayetafuta faida. Sisi nasi tunaelemea huko.

Katiba yetu haikutuacha uchi. Ibara ya 20 inasema Sheria ya Haki inawafunga watu wote, kampuni ikiwamo. Ibara ya 51 inalinda haki za walio kizuizini. Ibara ya 59 inaipa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu kazi ya kufuatilia haki katika taasisi za umma na za binafsi. Ibara ya 229 inamruhusu Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kukagua chombo chochote kinachofadhiliwa na pesa za umma. Kinachokosekana ni mtu wa karibu. Mkaguzi akitoka Nairobi hadi uwanja wa ndege wa Manda, avuke, kisha atafute gari la bara, habari zake zimeshafika kabla hajatia mguu bomani. Ukaguzi wa ghafla hauwezekani Lamu bila wakaguzi wanaoishi Lamu. Wawe watu watano au sita wa hapa, wanaume na wanawake, mmoja tabibu, mmoja mwenye kujua hesabu, wenye vibali vya kudumu vya kuingia saa yoyote, na nauli yao itoke mfuko wa umma.

Na wazo likiletwa kwa ushirikishi wa umma, msiridhike na muhtasari. Ombeni viambatisho: jedwali la nafasi za ulinzi, jedwali la faini, kifungu cha kuchukua jela. Mkiambiwa hiyo ni siri ya biashara, andikeni ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, ambayo inaihusu pia kampuni inayotumia pesa za umma au inayotoa huduma ya umma. Andikeni tarehe, bakini na nakala iliyopigwa muhuri. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Na habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, sheria hiyo inataka itolewe ndani ya saa 48. Habari za jela ni za aina hiyo mara nyingi, basi litajeni hilo katika sentensi ya kwanza ya barua. Mkikataliwa, mna siku 30 kupeleka rufaa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua za mfano tumezichapisha, ziko mezani pale mlangoni, kwa Kiswahili.